Jeshi la Buluu

Farasi wa tatu alimshinda. Mshonaji alimweka mezani, akavua miwani na kujisugua macho. Kwa miaka thelathini alikuwa ametunga uzi kwenye sindano bila kubahatisha, lakini hatamu za farasi wa bati mwenye urefu wa kidole gumba zilimtoa jasho. Brashi ilikuwa imeteleza, na sasa farasi alikuwa na mstari mweusi kutoka sikioni hadi puani.

"Basi," alijiambia. "Sipaki tena."

Simu iliyokuwa kando ya kopo la maji ikalia. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, mpima ardhi, aliyefariki miezi kumi na tisa iliyopita.

"Nimemaliza mizinga miwili," ujumbe ulisema. "Wewe umefika wapi?"

Mshonaji akavaa miwani tena.

Mpima ardhi na mkuu wa stesheni mstaafu walikutana mara moja tu, kwenye maonyesho ya watu wanaopigana upya vita vya kale juu ya meza, kwa dadu na rula, na majeshi madogo waliyoyapaka rangi kwa mikono yao. Siku hiyo waliwekeana ahadi: buluu dhidi ya kijivu, askari mia tatu kila upande, na vita vianze wote wawili watakapokuwa tayari. Waliishi miji tofauti, basi wakawa wanaandikiana kila Jumamosi, wakichokozana kama watoto wa shule.

Mpima ardhi alifariki akiwa amemaliza tisini na sita. Jumamosi ya pili baada ya mazishi, simu yake ilipata ujumbe: "Vipi jemadari, umekimbia vita?"

Mshonaji alikusudia kumwambia ukweli. Alishinda na ile simu mkononi. Mwishowe akaandika kwamba hajakimbia, alikuwa anaumwa kidogo. Hakujua kwa nini. Labda ni kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaanza kumtaja mumewe kwa sauti ya chini, na huyu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anamwulizia kama mtu mzima wa afya.

Uongo huo ukamtwisha kazi, maana kila Jumamosi mkuu wa stesheni alitaka hesabu ya askari. Mshonaji akafungua daftari la marehemu, akajifunza rangi ipi inatangulia na ipi inafuata. Askari wake wa kwanza walikuwa kama watu wenye surua. Aliwapanga nyuma ya wale wa mumewe, wasionekane.

Wifi yake alikuja mara moja kwa mwezi kumjulia hali. Alimshauri akifungue kile chumba cha majeshi, atoe zile meza, akaribishe hata ndugu wa kukaa naye. Akamwuliza atawapaka rangi wanasesere hadi lini. Mshonaji akajibu kwamba hadi vita viishe. Wifi akacheka, kisha akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa tayari safi.

Kuna kipindi alikaa wiki tano bila kugusa brashi. Rangi ziliganda kwenye vikopo. Alikula amesimama, sufuria mkononi, kwa kuwa kuandaa meza ya mtu mmoja kulimwelemea. Na kipindi hicho hicho mkuu wa stesheni naye akawa kimya, Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya nne. Mshonaji alishangaa jinsi kimya cha mtu asiyemjua kilivyomwuma.

Kisha ujumbe ukaja, mfupi, bila utani: "Samahani kwa kimya. Ile nyeupe ya mikanda unaichanganyaje? Yangu inakatikakatika."

Moyo ukamlipuka. Mtu aliyepaka majeshi miaka arobaini anauliza habari ya nyeupe? Bila shaka ameshtuka, anamtega. Akanakili jibu kutoka kwenye daftari, neno kwa neno.

"Asante," mkuu wa stesheni aliandika. "Imekubali."

Hakumtega tena, wala hakumchokoza tena. Sasa aliuliza kama amekula, kama mvua imefika huko, kama mgongo haumsumbui kwa kuinama. Mshonaji akaona huo ni uzee tu, umemlainisha. Akajikuta anaingojea Jumamosi tangu Jumatano. Akaloweka brashi, akanunua rangi mpya, akarudi mezani.

Askari wa mia tatu alikauka siku ya Alhamisi, asubuhi. Mshonaji aliandika: "Niko tayari." Jibu halikuja hadi jioni: "Hata mimi. Karibu nyumbani Jumamosi. Lipo jambo tuzungumze."

Kwa hiyo amejua, mshonaji aliwaza. Aliwafunga askari mmoja mmoja kwa mabaki ya vitambaa, akawapanga kwenye masanduku mawili, akasafiri kwa saa nne, akifuata anwani iliyokuwa kwenye daftari. Njia nzima alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia mwanamume mzima kwamba amedanganywa karibu miaka miwili.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa rika lake. Nyuma yake, juu ya meza ndefu, jeshi la kijivu lilikuwa limeshajipanga.

"Mimi ni mke wa mpima ardhi," mshonaji alisema. "Nimekuja kumwona mzee."

Mwanamke yule alichungulia barabarani, kushoto na kulia, kama anayemtafuta mtu wa pili. Kisha akamshika mkono, akamvuta ndani na kusema kwa haraka, kwa kunong'ona:

"Dada yangu, kabla mumeo hajaingia, nisaidie kumwomba radhi. Mzee tulimzika mwaka jana. Aliyekuwa akimwandikia ni mimi."