Beji ya Nne

Kikosi cha matengenezo cha jeshi kilibadilishwa jina kwa mara ya nne mwaka huu, na safari hii kilibadilishiwa juu ya bodaboda, kati ya Hirbadaw na Katesh.

Aliyekibadilisha ni Sulle, koplo mstaafu, mgane wa miaka sitini na mbili. Alikuwa amekaa nyuma ya dereva, koti lake la wastaafu limekunjwa kwenye mfuko wa rambo, akitafuta jina ambalo hajalitumia bado. Walipolipita shamba la ngano akalipata: Kikosi cha Matengenezo na Lishe ya Mitambo. Beji yake itakuwa na suke la ngano.

Tusimwite mwongo wa kuzaliwa. Enzi zake jeshini kikosi kilibadilishwa jina kweli, mara mbili nzima. Kiliitwa Karakana, kikawa Matengenezo, kikawa Matengenezo na Mitambo, na kila mara beji ya zamani ilibanduliwa na mpya ikashonwa mahali pake. Nyundo ikaondoka, gia ikaja, spana ikalazwa juu yake. Basi Januari hii beji ya koti ilipofumuka, akaipeleka kwa Restituta, fundi cherehani mjane mwenye kibanda nyuma ya soko la Katesh. Alikaa pale saa mbili. Aliporudi nyumbani akagundua kwamba koti halina tena tatizo lolote, na hapo ndipo shida zake zilipoanza.

Tangu siku hiyo jeshi halikutulia. Februari likaja jina jipya. Aprili likaja jingine, beji ikaongezwa mlima Hanang. Mei akaongezwa ndege wa Ziwa Basotu. Kila mara Sulle alieleza kwa kirefu, maana mama wa watu angejuaje mambo ya jeshi.

"Gia ni mitambo, mama Yonas. Spana ni kazi. Na ukoplo si mchezo, usione hivi."

Restituta alisikiliza huku akishona, mgongo umenyooka, reli za nyuzi zimepangwa mstari mmoja kwa rangi. Saa kumi na moja kamili alifunga kibanda, hata kama Sulle alikuwa katikati ya sentensi. Sulle aliamini ni malezi ya masista wa Mbulu. Hakuwahi kumuuliza. Kwa maelezo yote yale, nafasi ya kuuliza angeipata wapi?

Mara moja tu mama alitaka kujua jambo.

"Gia ina meno mangapi?"

"Kumi na manne," alisema Sulle, akibahatisha.

Restituta akashona kumi na mawili. Sulle hakulalamika, kwa sababu hata ile ya kweli ilikuwa na kumi na mawili.

Lakini Jumapili iliyopita, baada ya misa, alisikia habari iliyomnyima chakula. Yonas amempangishia mama yake chumba Babati, na Jumamosi hii anahama, yeye na cherehani yake. Jeshi lingebadilishwa jina mara mia, lisingemfikisha Sulle Babati kila mwezi.

Alipoingia kibandani aliyaona maboksi matatu yamefungwa kamba mlangoni.

"Habari za Hirbadaw, mzee Sulle?"

"Njema, mama Yonas. Wamebadilisha tena."

"Wamebadilisha."

"Kuna suke la ngano."

"La nini?"

"La lishe," alisema Sulle. "Lishe ya mitambo."

Restituta hakucheka. Alikohoa kidogo, akainamia cherehani, akaanza kutunga uzi wa njano. Sulle akaitazama ile mikono, akaona Jumamosi imeshafika.

"Usishone, mama Yonas."

Mkono wake ukasimama.

"Hakuna jina jipya. Hakuna ngano, wala mlima, wala ndege. Tangu nistaafu hawajabadilisha hata herufi moja. Nilikuwa natafuta njia ya kuja kukaa hapa. Nakupenda. Usipoenda Babati, naomba twende tukamwone padri. Ukienda, basi unisamehe uongo wangu."

Restituta aliinuka, akafungua kamba ya boksi la juu, akatoa koti la buluu la wastaafu lililokunjwa pembe kwa pembe, akaliweka mezani. Juu ya mfuko wa kifuani ilishonwa beji ya kweli: spana juu ya gia, meno kumi na mawili.

Sulle akaitambua. Kumbe marehemu alikuwa wa kikosi hicho hicho. Nusu mwaka mzima amekuwa akimdanganya mjane wa mwenzake. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Mama Yonas, mimi sikujua kama mzee alikuwa mwenzetu."

"Mzee alikuwa anauza mahindi Dongobesh," alisema Restituta.

Akalikung'uta koti, akalivaa yeye mwenyewe, akafunga vifungo kimoja kimoja. Lilimkaa sawasawa mabegani na kifuani. Chini ya beji kulikuwa na kibao kidogo cha shaba, nacho kilisomeka: Sajini Restituta Isidori.

"Umechelewa kuripoti miezi sita, koplo," alisema. "Mguu sawa. Halafu unisaidie kufungua haya maboksi mengine."