Nifute Kote

"Nifute," mama yake alisema. Hata salamu hakutoa.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiibadilishia kioo. Tangu afungue hiki chumba cha kutengeneza simu na kompyuta, miaka sita sasa, mama hakuwahi kukanyaga hapa saa za kazi. Leo alisimama mlangoni akihema, mtandio umemteleza mabegani, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Nikufute wapi, mama?"

"Huko mtandaoni. Picha, jina, namba ya simu, vyote. Mtu akinitafuta asinipate."

Alimpa kiti, akafunga mlango. Mama akamwonyesha simu yake. Kwenye ukurasa wa chama cha washonaji kulikuwa na picha ya wanawake kumi na wawili waliojipanga mbele ya cherehani zao. Yeye alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Alikuwa anageuza uso, akachelewa. Chini ya picha mtu ameandika: "Huyu wa tatu anaishi wapi? Nimemtafuta miaka mingi."

Damu ikamchemka fundi. "Ni yeye?"

"Ni yeye."

Hakuuliza zaidi. Huyo yeye alimjua tangu utotoni ingawa hakuwahi kumwona: baba yake, mtu ambaye mama hakutaka hata kumtaja. Kwa ajili yake walihama miji saba. Kwa ajili yake fundi hayumo katika picha hata moja ya darasa. Siku ya picha mama alimbakiza nyumbani, akatuma ujumbe kwa mwalimu kwamba mtoto ana homa. Na homa za kweli zilipokuja, mama alizitibu mwenyewe kwa kitambaa cha maji na dua, maana hospitali wanaandika majina. Alimlea kwa cherehani moja na mikono miwili, na siku hata moja hakulala njaa.

"Safari hii hatuhami," fundi alisema, akavuta kompyuta.

Kazi ilikula asubuhi nzima. Kila alipoandika jina la mama, kitu kipya kiliibuka: orodha ya wapangaji wa nyumba waliyokwisha kuihama, tangazo la cherehani kuukuu aliyoiuza, rambirambi alizomwandikia jirani, namba yake ya simu kwenye orodha ya mafundi wa nguo. Kumbe mtu anaweza kujificha maisha yake yote na bado akaacha nyayo, kama aliyepita juu ya saruji mbichi.

Alifuta alichoweza kufuta. Asichoweza, aliwaandikia wenyewe na kuwabembeleza. Mwenyekiti wa washonaji alikubali kuiondoa ile picha, ila kwa kulalamika: "Na nilivyopendeza humo!"

"Bado?" mama aliuliza.

"Bado kidogo."

"Mwanangu, akinipata atakuchukua."

Fundi akacheka. "Anichukue mimi? Na ndevu zote hizi?"

Mama hakucheka. Aliushika mkono wake, akakibusu kiganja kama alivyozoea zamani alipompeleka shule mpya. Machozi yakamdondoka juu ya meza, kati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka.

"Usiongee na mtu," alisema. "Futa tu."

Alikusudia kutii. Lakini aliyeandika chini ya ile picha alikuwa na ukurasa wake, na huo haukufutika. Haukuwa na sura wala jina la maana, ila namba ya simu na maneno matatu: "Mwenye habari, anipigie."

Fundi akawaza. Mtu aliyetafuta miaka yote hiyo, ukimfutia leo, kesho si ataanza upya? Dawa ya moto ni moto. Akamwambia mama anakwenda kununua maji, akazunguka nyuma ya jengo, akapiga. Maneno ya kumwambia huyo mzee alikuwa ameyaweka akiba tangu ana miaka kumi.

Ikapokea sauti ya mwanamke, ya mtu mzima. Huyu ndiye mke mpya, fundi aliwaza.

"Mpe simu mumeo."

"Mume wangu ni marehemu," mwanamke alijibu. "Alikufa mwaka juzi, bado akitafuta. Nani mwenzangu?"

 Fundi alikuwa kama mtu aliyeuvamia mlango kwa bega akakuta uko wazi. Akaegemea ukuta.

"Basi mwacheni mama yangu," alisema, sauti imemshuka. "Kama mzee mwenyewe hayupo, mnamtakia nini? Amehangaika vya kutosha. Hana mtu duniani ila mimi."



"Mama yako," mwanamke akarudia polepole, kama anayejaribu chakula cha moto. "Una miaka mingapi, baba?"

"Ishirini na tisa. Nimetimiza mwezi uliopita. Kwa nini?"

Akasikia kitu kikianguka huko, kiti labda, kisha pumzi za mtu anayejikaza asilie. Fundi alitaka kukata simu. Kidole kikagoma.

"Siku ile zamu ilikuwa ya huyo mama yako, muuguzi mpole kuliko wote wa wodi," sauti ikasema hatimaye. "Nilimpa mwanangu wa siku mbili anishikie, nikaenda kuoga."