Barua Kumi na Tisa

Tunu alikwenda masjala ya chuo kuulizia barua za marehemu baba yake, aliyedai miaka nenda miaka rudi kiwanja walichojengea bweni, akaingia kaburini bila jibu. Mtunza nyaraka akamwekea mezani jalada lililofungwa kwa utepe.

"Zote zipo, mama. Kumi na tisa. Hapa hakipotei kitu."

Kila bahasha ilikuwa na namba na muhuri wa kupokelewa. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Gundi ya baba yake ilikuwa ingali imeshika.

"Naomba nifungue moja."

"Hairuhusiwi. Waraka hutunzwa kama ulivyopokelewa."

Tunu akainua bahasha ya mwisho, akaielekeza dirishani, kulikosimama bweni. Mwandiko wa baba yake ukajitokeza kwa ndani, mistari imepandana, hausomeki.