Chembe cha Moyo

Daktari aliyesomea ng'ambo alikuwa ameshafeli mtihani wa leseni mara mbili, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Leo, kwenye jaribio la tatu, kila kitu alikiona mtego, hata huyu bibi mwigizaji aliyelipwa na watahini ajifanye mgonjwa wa tumbo.

"Chembe cha moyo kinaniuma, mwanangu," bibi alisema, akishika juu ya kitovu.

Mwingine angekwenda moja kwa moja tumboni. Yeye neno "moyo" lilimtia shaka, akamshika kwanza kifundo cha mkono.

Mapigo yalipiga mawili, yakasita, yakaenda matatu mbiombio, yakasita tena.

Maumivu huigizwa. Mapigo je?

"Bibi, na hili umeagizwa?"

Jasho lilimtoka bibi juu ya mdomo. "Wee shika tumbo ufaulu," akanong'ona. "Wakijua naumwa kweli, kibarua changu kitaota nyasi."

Daktari akamgeukia msimamizi wa mtihani aliyekaa pembeni. "Simamisha mtihani! Ita ambulensi!"

Msimamizi akatabasamu, akaandika kitu. "Ujanja huo tumeuzoea, daktari. Umebakiwa na dakika moja, na tumbo hujaligusa."

Chini ya vidole vya daktari mapigo ya bibi yakasita, na safari hii hayakuwa na haraka ya kurudi.