Punda wa Sikio Moja

Punda alikuwa bado anamtazama.

Mtengeneza michezo alifunga ukurasa wa duka la mtandaoni, akakuna kichwa, akaufungua tena. Punda yuleyule: macho yametoka, meno nje, sikio moja, na nyuma yake rangi ya njano ya kuumiza macho. Chini, maneno mawili manene: PUNDA MTORO. Pembeni yake, katika safu ileile ya vijipicha vya michezo ya kompyuta, ndipo alipouweka mchezo wake mpya, Mlinzi wa Mnara. Au tuseme ndipo ulipotakiwa kuonekana.

Mchezo huo ulikuwa umemla miaka mitano. Picha ya jalada peke yake ilimla msimu mzima wa mvua. Aliichora kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, pua ikikaribia kukigusa: ukungu juu ya maji, mnara wa taa, mjane dirishani, chozi kwenye shavu la mjane, na ndani ya chozi hilo, kwa atakayebahatika kuliona, taa ya mnara ikiwaka. Alipomaliza lile chozi, mwenyewe alilia kidogo. Kisha duka likaipunguza kazi yote ikawa saizi ya ukucha wa kidole gumba.

Aliiweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, akamvuta mkewe hadi mlangoni.

"Tazama kwa mbali, kama mnunuzi anayepita. Unaona nini?"

Mkewe, fundi wa nguo, tepe ya kupimia ikiwa shingoni, alikaza macho. "Moshi. Kuna kitu kimeungua?"

"Ukungu!"

"Haya, ukungu. Na pembeni kuna punda."

"Sijakuuliza habari za punda."

"Hukuniuliza, lakini yeye nimemwona."

Hapo mume akaanza kumtukana punda. Kwamba kivuli chake kimeangukia upande wa jua. Kwamba shingo imechongwa kwa shoka. Kwamba aliyemchora hana haya, na wanaonunua upuuzi kama ule ndio wanaoiua sanaa. Alisema mengi, maana kwa maneno hakuwahi kupungukiwa.

Mkewe alirudi kwenye cherehani. "Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke," alisema. "Humu ndani naona anayepigwa mateke ni punda."

Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia shati la kijani lenye nembo ya duka la vipuri la kaka wa mtengeneza michezo. Mkewe ndiye aliyelishona. Mapatano na kaka yalikuwa mepesi: mchezo ukae sokoni hadi mwisho wa mwezi, usiponunulika, Jumatatu inayofuata msanii anavaa shati, anasimama nyuma ya kaunta na kuuza betri za magari.

"Na miaka yote hii mnakula nini?" kaka aliuliza siku ile ya mapatano.

"Kazi ndogondogo za mtandaoni," alijibu, akitazama viatu vyake.

Basi akaifumua picha. Akafuta ukungu. Akafuta maji, kwa uchungu. Mnara akaubakiza mstari tu. Mjane akamvuta karibu mpaka uso ukaijaza picha yote, na chozi likawa kubwa kama yai. Jina la mchezo akalinenepesha. Akajiona sasa kashika ufunguo wa soko.

Jumapili alikuja mama mkwe, tena amesahau miwani. Mtengeneza michezo alifurahi kupita kiasi, kwani hakuna mpimaji bora kuliko mtu asiyeona vizuri.

"Shikamoo mama. Hebu simama hapohapo mlangoni. Unaona nini?"

"Marahaba, baba. Namwona mama wa watu, jino linamuuma."

"Ana majonzi, mama."

"Asiwe na majonzi vipi, na jino linamuuma?" Kisha bibi akacheka mpaka akashika mlango. "Na huyu punda jamani! Aliyemchora huyu ana raha moyoni mwake. Mbona sikio moja?"

"Alisahau. Alikuwa na haraka."

"Wewe umejuaje?"

"Inaonekana tu, mama."

Mkewe alikata uzi kwa meno, akainamia kitambaa, mabega yakimtikisika.

Mwezi ukaisha. Mlinzi wa Mnara ulinunuliwa na kaka yake, kwa huruma, na mtu mmoja wa mbali aliyeandika kwamba alitarajia mchezo wa daktari wa meno, akadai arudishiwe pesa zake.

Jumatatu asubuhi alilitungua shati. Lilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alifunga vifungo hadi shingoni, akasimama katikati ya chumba, asitoke. Si kwa sababu ya kaunta. Miaka mitano yote alikuwa akitaka mtu mmoja tu asimame mbele ya mjane wake, anyamaze.

"Kaka anasubiri," alisema.

"Asubiri." Mkewe hakugeuka. "Wenye duka la michezo wamekuandikia tena. Swali ni lilelile: Punda Mtoro wa pili lini?"

"Niliapa."

"Uliapa ukiwa umeshiba."

Alifungua vifungo kimoja kimoja. Kisha akavua shati, akalirudisha msumarini, akafunga mlango kwa ufunguo kama mwizi. Akaingia kwenye kompyuta kwa jina lake la pili, lile alilojibandika kwa aibu asubuhi ile friji yao ilipokufa na pesa ikahitajika haraka. Akasogeza kiti mbali na kioo, akashika kalamu, na kumchorea punda wake sikio la pili.