Usifungue, Dada

Tangu kiharusi kimpate, Shebe hakutamka neno tena. Alasiri moja, mkewe Tunu alimshikia simu pale kitandani hospitalini, akamwekea filamu ya zamani waliyokuwa wakiifuata sinema usiku wa manane. Siku zile, mwanamke wa kwenye filamu akiukaribia mlango wa adui, Shebe ndiye aliyeanza kupaza sauti, "Usifungue, dada!" na ukumbi mzima ukaitikia.

Mwanamke akaukaribia mlango. Tunu akangoja.

"Usifungue, dada," Tunu akasema mwenyewe.

Nesi akageuka. "Umeniita, mama?"

"Hapana, mwanangu. Tunaangalia sinema."

Macho ya Shebe yakaiacha simu, yakapita wodini kitanda kwa kitanda, yakingoja watu waitikie.