Chumba cha Ziwa

Huku Rutamba, kusini mashariki mwa nchi, anayenunua nyumba ya ufukweni hulipa ziwa chumba kimoja. Wakati wa masika ziwa huja na kupiga hodi, na chumba kitakachoitika ndicho huwa chake moja kwa moja.

Somoe alishaamua kulipa stoo. Akamwambia mama yake, aliyepooza miguu, "Mama, ukisikia hodi usiitikie. Nitaitikia mimi, nikiwa stoo."

"Sawa, mwanangu."

Asubuhi maji yalifika barazani, yakapiga hodi kwa upole. Somoe akakimbilia stoo. Hajafungua mdomo, akasikia kutoka chumbani sauti ya mtu ambaye maisha yake yote hajamwacha mgeni nje.

"Karibu, pita ndani."

Alirudi mbio, akakuta mlango umeshafungwa na maji. Ndani, mama alikuwa akiliuliza ziwa habari za huko lilikotoka.